Mwenye Nyumba

Mvua ya kwanza ya Aprili iliponyesha Pipeline
na taa ya ngazini ikazingirwa na mabawa,
Moraa alipanda hadi ghorofa ya sita akihema,
kiganja amekifumba kama anayeficha sarafu.
"Baba, si kumbikumbi huyu. Tazama kiuno."
Kweli. Kiuno chembamba, kichwa kizito, chekundu,
na mabawa ameshayakata mwenyewe,
kama msafiri aliyeshuka akachana tiketi ya kurudi.

Kijichupa tulipewa na Kwamboka wa maabara.
Maji theluthi, kisha pamba
ishindiliwe hadi iloe bila kuvuja,
kisha malkia, kisha pamba kavu mlangoni.
Tukamvisha soksi nyeusi, tukamlaza droo ya chini
kati ya risiti za kodi na kadi za chanjo.
Asiguswe. Asilishwe. Asimulikwe.
Siku thelathini na nane alikula misuli ya mabawa
asiyoyahitaji tena, akalea.
Moraa alikuwa akiinong'oneza droo
mambo ambayo mimi sikuambiwa, na sikuuliza.

Wa kwanza alitoka na rangi ya chai ya maziwa.
Kisha wanne. Kisha tisa.
"Baba, si wewe ni fundi? Wajengee."

Mimi ni fundi wa dari za jasi.
Nimechonga maua juu ya vitanda vya watu Runda
nikarudi kulala chini ya zege lenye ukungu.
Nusu mfuko ulikuwa umebaki kutoka kazi ya Kileleshwa.
Nikafinyanga vyumba kwa udongo wa kuchezea,
nikavipanga ndani ya kopo la aiskrimu,
nikamimina uji wa jasi, nikagonga ubavuni mapovu yatoke.
Kazi ni ileile, ila safari hii dari ndiyo sakafu.
Likakauka siku tatu dirishani,
penye jua la saa mbili kabla jengo la jirani halijalimeza.
Shimo la maji upande mmoja, mpira wa dripu kuwa barabara,
kioo juu, na juu ya kioo karatasi nyekundu,
maana wekundu, machoni mwao, ni giza.

Chumba cha malkia nilikichonga kwa kijiko cha chai:
kuta za mviringo, ukingo wa mawimbi,
hata ua moja, dogo, la petali tano.

Muteti mtunza jengo akaja na daftari lake.
"Sheria ya sita, hakuna kufuga. Nasikia unafuga."
"Chungu," nikamjibu.
"Chungu hakifugwi, bwana, hupikiwa,"
akacheka, akateremka.

Maji huja Jumanne na Ijumaa.
Alhamisi moja mtungi ulibaki na kikombe kimoja
nikaona mkono wangu ukitangulia kwenye sindano:
matone ishirini kwenye jasi, halafu ndipo chai.
Mwenye nyumba wetu sijawahi kumwona.
Sijui kama naye hujaga usiku
akatuinamia na taa nyekundu.

Walihama Jumapili usiku, wamebeba mayai midomoni.
Malkia akapita chumba cha ua bila kusimama,
akaenda kona ya mwisho, kwenye unyevu,
pale kijiko kiliponiponyoka kikaacha kovu.
Hapo ndipo kwake.
Na chumba changu? Wiki haikuisha
kikajaa makapi ya wimbi, vichwa vya nzi,
na yule wa kwanza, wa rangi ya chai,
amekufa, amelazwa juu ya ua.

"Wamekigeuza Dandora, Baba."
Nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.
Moraa, ameshika kibanio, akauliza kama tukisafishe.
Nikamwambia aache.
Mwenye nyumba haingii bila kubisha hodi,
na hawa, tangu wahamie,
hawajanikaribisha.